Kinywa cha Mdogo Wangu

Machi 3

Daktari amenikataza kubeba kitu chochote kizito kuliko kikombe cha chai. Nikamuuliza kama kalamu imo katika katazo hilo. Akacheka. "Kalamu beba, mzee wangu, ila usigombane na mtu." Moyo umetanuka, anasema, na umechoka. Hakunitajia muda, nami sikumwomba. Madaktari wana namna yao ya kufunga faili polepole. Ukishaiona, huhitaji kuuliza.

Basi nitaandika. Nilikuwa mkalimani wa mahakama, na miaka yangu yote ya kazi nilisema maneno ya watu wengine. Haya ni yangu. Kwa kuwa sitakuwepo kusikiliza rufaa, nitayasema yalivyo.

Mvua zimeanza. Ukuta wa chumba changu unatoa jasho. Chumba kiko uani kwa mdogo wangu, kati ya stoo ya unga na bafu la wafanyakazi.

Machi 5

Mvua. Sikutoka.

Machi 8

Jumapili ukoo mzima hula kwa mdogo wangu. Yeye hukaa kwenye kiti chenye mikono, upande wa dirisha. Mimi hukaa karibu na mlango wa jikoni. Ni mimi niliyemtangulia tumboni mwa mama yetu, lakini kila anayepita na sahani husema, "Samahani, baba mkubwa," nami huvuta kiti. Nimekivuta mpaka sakafu imechimbika.

Mdogo wangu hakumaliza hata shule ya msingi. Alianza kwa kuoka mikate kwenye pipa; leo ana kiwanda, na nusu ya mji hunywa chai kwa mkate wake. Leo katoa kile kisa chake cha muuza unga na punda. Tumekisikia mpaka punda mwenyewe amezeeka. Nilicheka kabla hajafika mwisho. Nilicheka wa kwanza na kwa sauti kuliko wote, na nilipojisikia, tonge likanikwama. Mtu wa chini hucheka mapema. Hilo sikulisoma popote. Nimelijua kwa mbavu zangu.

"Kaka yangu huyu kasoma, nyie!" akawaambia wageni. "Kaka, hebu wape lile neno la Kilatini la mahakamani."

Nikalisema. Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama kasuku aliyerushiwa karanga.

Machi 12

Binti wa mdogo wangu hunipima presha kila wiki. Ndiye msimamizi wa matanuri, na mikono yake ina alama za trei za moto mpaka viwikoni. Hana maneno mengi wala tabasamu la bure. Kaka yake, mzaliwa wa kwanza, hushughulika na wateja, na huvaa tai hata mbele ya tanuri. Wafanyakazi humwita Bwana Harusi, kwa siri ambayo kila mtu anaijua.

"Imepanda tena," binti akasema. "Umekula chumvi, baba mkubwa?"

"Kidogo tu, mwanangu."

Sikula chumvi. Jana mdogo wangu alileta gari jipya, akaniita, akanifungulia mlango wa nyuma. "Panda kaka, usikie viti." Nikapanda nikasikia viti. Ni laini sana. Hiyo ndiyo chumvi yangu.

Machi 17

Mdogo wangu ameanguka kiwandani asubuhi, katikati ya trei za mikate. Kiharusi. Walimbeba kwa gari la mikate, kati ya kreti, kwa kuwa gari jipya lilikuwa limezibwa njia na lori la unga. Shemeji yangu alikwenda na kiatu mguu mmoja. Nilisimama uani, mvua ikininyeshea, mpaka mpishi akanivuta ndani kwa mkono wa shati.

Huyu ni mtoto wa mama yangu. Nilimbeba mgongoni. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Machi 18

Nimelala kama mtoto mchanga. Sijalala hivyo tangu nihamie nyumba hii. Naandika bila kuongeza neno.

Machi 26

Wamemrudisha nyumbani. Upande wa kulia umekufa, mkono na mguu. Akili ipo na masikio yapo, daktari kasema, ila ulimi haumtii. Akisema, yanatoka masauti kama ya mtu aliyejaza kinywa donge la unga.

Walimzunguka kitandani. "Unataka maji, baba? Uji? Ugeuzwe?" Yeye akiunguruma, akitikisa kichwa, mishipa ya shingo imesimama, mpaka machozi yakamtoka. Nilikuwa mlangoni, mahali pangu. Nikamsikia.

"Anataka dirisha lifunguliwe," nikasema. "Harufu ya dawa inamkera."

Bwana Harusi akafungua dirisha. Mdogo wangu akanitazama, akafumba macho, akatulia.

"Umejuaje, shemeji?" mkewe akauliza.

Nilijuaje! Alichelewa kusema huyu. Mpaka meno ya utotoni yalipoanza kumtoka alikuwa akiguna hivi hivi, na mama, akiwa na kazi zake, alikuwa ananigeukia: "Mwenzio anasemaje?" Siri haimo katika herufi, imo katika kupanda na kushuka kwa sauti. Nilikuwa kinywa chake kabla hajawa bosi wa mtu.

Machi 28

Wamenihamishia chumba cha mbele, pembeni ya cha mdogo wangu. Kitanda kina godoro jipya. Nimepewa kiti kando yake, na mtu akiingia hunisalimia mimi kwanza, maana bila mimi hakuna salamu itakayojibiwa.

Lazima nieleze jambo la kazi yangu. Mkalimani hasemi, "Huyu anasema ameua." Husema, "Nimeua." Ndiyo kanuni. Nimekiri mauaji na wizi wa ng'ombe, na siku moja nilikiri kuoa wake wawili bila wao kujuana, mimi ambaye mmoja tu alinishinda akaenda zake. Nilikiri kwa sauti tulivu, nimesimama. Hakimu alikuwa na kiti. Wakili alikuwa na kiti na glasi ya maji. Mshtakiwa alikuwa na ubao wa kizimba wa kuegemea. Mkalimani alisimama katikati, na shauri likiisha hakuna aliyekumbuka kwamba palikuwa na mtu pale. Katika kazi ile yote sikubadilisha neno.

Sasa nasema, "Nataka uji," na uji unakuja. "Fungeni mlango," na mlango unafungwa. Maneno ni yake, lakini yanapita kwenye koo langu, na yanapopita yanaacha ladha.

Machi 31

Presha imeshuka. "Sijui umeacha nini, baba mkubwa," binti akasema, "lakini endelea kukiacha."

Aprili 2

Leo mwenyekiti wa wafanyabiashara amekuja kumjulia hali. Ni mtu mwenye tumbo la heshima na pete mbili. Mdogo wangu akaguna: *Mwondoeni, nimechoka.* Nilisikia kila sauti.

Nikasema, "Nimefurahi kukuona, mwenyekiti. Kaka yangu atakueleza hali yangu."

Mwenyekiti akageuza kiti chake, akanielekezea magoti yake yote mawili. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Aliniita "mzee wetu". Alipoondoka sikuthubutu kumtazama mdogo wangu. Kisha nikamtazama. Alikuwa anaangalia dari.

Aprili 5

Jumapili. Mdogo wangu kaketishwa kwenye kiti cha magurudumu, mimi nikawekwa kwenye kile kiti chenye mikono, upande wa dirisha, ili nimsikie vizuri. Nilikula nyama mara mbili. Nikasimulia kisa cha hakimu aliyesinzia akaamka akimhukumu shahidi. Bwana Harusi akacheka kabla sijafika mwisho.

Nikamtambua. Nikampenda papo hapo.

Aprili 9

Leo nitaandika yote, nikichoka nitapumzika kisha niendelee.

Kiwanda hakiwezi kukaa bila mkubwa. Bwana Harusi anaamuru hivi, binti anaamuru vile, na wakandaji wa unga wako katikati kama wana wa talaka. Shemeji akaita kikao. Tulikaa kuzunguka kitanda: yeye, watoto wake wawili, na mimi kitini.

"Baba," shemeji akasema, "kiwanda ashike nani?"

Mdogo wangu hakusita. Nilimsikia kama ninavyoisikia mvua hii juu ya bati: *Ashike binti. Ndiye anayejua moto.*

Wote wakanigeukia. Mioyo yao ilikuwa midomoni mwangu. Nikamwona yule kijana, jasho limemlowanisha kola, amejiweka sawa kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Ni mzaliwa wa kwanza. Tangu dada yake awe msimamizi wa matanuri amekuwa akiombwa radhi na kila anayepita na trei. Namjua. Wiki hizi ameniletea gazeti kila asubuhi, ameniita "baba mkubwa" kwa kituo, amesubiri nimalize sentensi. Binti je? Binti hunipa chakula kwa wakati na dawa kwa wakati, na hajawahi kuniuliza naonaje. Niliwaza pia, na hili ni baya zaidi: kwa mara nyingine tena mdogo atapita juu ya mkubwa, katika nyumba hii hii, na mimi ndiye nitakayetangaza.

Nikasema, "Ashike mwanangu wa kwanza. Mkubwa ni mkubwa."

Sauti haikutetemeka. Kazi ilinizoesha.

Binti akainama juu ya kitanda. "Baba? Ndivyo ulivyosema?"

Mdogo wangu anaweza kutikisa kichwa. Nilijua anaweza. Akanitazama muda mrefu, jicho moja kubwa na jingine limelegea, nami nikasubiri kama mshtakiwa. Kisha akafumba macho, akageukia ukuta.

"Haya," binti akasema. Akasimama, akafuta viganja kwenye kanga. "Baba kasema."

Bwana Harusi akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Aprili 10

Presha yangu ni kama ya kijana. Binti kanipima bila kunitazama.

Aprili 13

Mvua imevunja mfereji. Mguu wangu umevimba kidogo.

Aprili 16

Amekuja mwalimu wa kusema, mwanamke mfupi, kutoka hospitali, na kioo kidogo mkobani na mirija ya kunywea soda. Kazi yake ni kumrudishia mgonjwa ulimi. Akamshikia mdogo wangu kioo. "Sema pa. Funga midomo, fungua. Pa."

Nikaingilia kati. "Anasema amechoka."

Akanigeukia kwa adabu. "Mzee wangu, nakuomba ukae nje kidogo. Ukimsemea, hatasema."

Nikakaa nje kwenye benchi la varanda pamoja na ndoo na mifagio. Nilimsikia akimsifu: "Vizuri! Hodari!" Mwanamke ambaye hata hamjui. Ndani wakapiga makofi wote, shemeji akapiga kigelegele. Bosi wa nusu ya mji kasema *pa*. Mimi najua lugha nne, moja yao imekwisha kufa, na sijapigiwa kigelegele.

Nilimwonea wivu mwalimu yule, nikauonea wivu mrija. Moyo ulikwenda mbio mpaka nikashika benchi.

Aprili 19

Mwalimu kaagiza mazoezi mara tatu kwa siku mbele ya kioo, na kwa kuwa mimi ndiye wa karibu, mimi ndiye wa kumfanyisha. Leo tumefanya mara moja. Shemeji akiuliza, nasema, "Leo sijisikii," kwa ile *mimi* yake, kana kwamba ni yeye anayesema. Kioo nimekiweka mahali pa juu, ambapo hata mimi sikifikii.

Aprili 21

Hatukufanya. Mdogo wangu alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kioo. Nikamfunika shuka.

Aprili 24

Leo wamemleta mkandaji mkuu, mtu mwenye kifua kama gunia, akalalamika mbele ya kitanda. Katika unyevu huu, unga huumuka kwa tabia yake, na binti alikuwa akiujaribu kwa kidole kila alfajiri kabla ya kuwasha. Bwana Harusi amebandika ratiba ukutani. Mikate inatoka bapa. "Maduka yanaturudishia, bosi. Mtoto wangu mwenyewe kaniuliza kama nimeukalia mkate."

Mdogo wangu akaguna neno moja, jina la binti. Nikasema, "Vumilieni. Atajifunza."

Jioni binti akaja kuniaga. Ameacha kiwanda. Atashika tanuri la mwanamke mmoja ng'ambo ya soko, mwenye mikate ya kuuza dirishani.

"Kwa kiwanda tu, mwanangu?" nikasema. "Tumbo moja hilo. Kaka yako ni kaka yako."

"Kiwanda nini, baba mkubwa." Alikuwa anakunja ile mashine ya presha, anaizungushia waya wake. "Baba hajawahi kunisifu, hata siku moja. Sikutaka. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nikijua: ananiona. Hasemi, lakini ananiona. Nimejidanganya miaka yote. Hilo ndilo linaloniuma." Akaniwekea mashine mezani. "Utamwita mpishi akupime. Anajua kusoma namba."

Aprili 25

Chakula hakipiti.

Aprili 28

Nilikishusha kioo. Ilinibidi nipande kigoda, na moyo ukanipa onyo lake. Tulifanya mazoezi mara tatu. Mdogo wangu alifanya kila sauti kwa utii, akinitazama kwenye kioo. Sikufanya kwa wema. Nilitaka aseme mwenyewe, anitaje, yaishe. Hata aibu ina heshima yake ikiwa mwenye nyumba ndiye anayekuaibisha.

Mei 1

Kasema "maji". Kasema "mama" kumwita mkewe. Nyumba nzima inazunguka na machozi. Wageni wameanza tena kumsalimia yeye kwanza.

Mei 3

Jumapili. Binti alikuja, kwa kuwa mama yake alimwita. Meza haikuwa na utani. Mdogo wangu sasa anaweza kusema maneno mawili matatu, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilikaa upande wa dirisha nikisubiri. Nilikuwa nimevaa shati safi.

Binti hakuzunguka. "Baba, sasa unasema. Niambie mwenyewe. Siku ile ulisema kaka ndiye ashike kiwanda?"

Bwana Harusi akaweka kijiko chini.

Mdogo wangu akanitazama. Akakusanya midomo. "Ni-li... sema."

"Ulisema?"

"Kaka... yangu... kasema... kweli."

Binti akaitikia kwa kichwa. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake, akaondoka.

Tulipobaki wawili nikamsogelea pua kwa pua. Nilimkasirikia, kana kwamba yeye ndiye mwongo. "Kwa nini? Ungetikisa kichwa tu siku ile. Kwa nini hukutikisa?"

Alichukua muda. Mate yalimtoka, nikamfuta.

"U-li-kuwa... u-na-kula," akasema.

Sikuelewa. Mimi!

"Kaka. Ulikuwa... unakula. Una-lala. Nikasema... a-a-chwe."

Mei 4

Sijaamka kitandani. Naandika nimelala.

Miaka yote nimedhani hanioni. Alikuwa ananiona. Aliniona ninavyovuta kiti, aliniona ninavyocheka mapema, na nilipomwibia ulimi wake aliona mashavu yangu yanajaa, akaniachia. Hata uongo wangu alinipa kama sadaka! Nilidhani kwa mara moja nimechukua kitu chake, kumbe kilikuwa kimesukumwa kwangu kama sahani. Sijawahi kumwonea wivu kwa gari wala kiwanda kama ninavyomwonea leo. Amelala nusu maiti na bado amenipita.

Mchana nikawaza jingine, na hili lilinifanya niinuke nikae. Hakunipa mali yake. Alinipa ya binti yake. Alimlipia kaka yake kwa moyo wa mtoto, na sasa, kwa kuwa kanisitiri mbele ya wote, hawezi kumrudishia bila kuniangusha. Kwa hiyo hakujua kila kitu, mdogo wangu. Hapa kakosea. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili, na naona aibu kwamba imenifurahisha.

Sasa ni mimi tu ninayeweza.

Mei 6

Nimemwomba dereva wa gari la mikate anipeleke ng'ambo ya soko. "Daktari akisikia atanitoboa matairi, mzee," akasema, lakini akanipakia. Binti alikuwa kwenye dirisha la yule mwanamke, anatoa mikate. Mikate ile ilikuwa imeumuka kama mashavu ya mtoto aliyenuna.

Nikamwambia nikiwa nimeshikilia ukingo wa dirisha, na wateja nyuma yangu. Baba yako alisema wewe. Alisema ndiye anayejua moto. Mimi ndiye niliyesema kaka yako.

Hakulia. Alifunga karatasi mkate wa mtu, akampa, akageuka.

"Rudia."

Nikarudia.

"Ndiye anayejua moto," akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha uso wake ukajifunga. "Kwa nini, baba mkubwa?"

"Wivu."

"Juu yangu?"

"Juu ya baba yako. Wewe ulikuwa njiani."

Yule mwanamke mwenye dirisha akasema, "Mwenzangu, foleni." Binti akaninyooshea mkate, akarudisha mkono, kisha akaninyooshea tena. "Nenda kamwambie kaka. Usinitume mimi, wala usimtume mama. Mimi sitakusemea."

Mei 7

Nimekwenda kiwandani. Nilisema mbele ya wakandaji, wafungaji na dereva, kwa kuwa ni mbele yao yule kijana alipewa funguo. Nilimwambia yeye, lakini kwa sauti ya kusikika.

Mkandaji mkuu akasema, "Loo! Kumbe mikate bapa ina mzazi!" Wakacheka kicheko cha watu waliobanwa muda mrefu. Nilistahili. Lakini yule kijana alidhani wanamcheka yeye, na kweli walikuwa wanamcheka yeye.

"Baba alinitaja popote?" akaniuliza. "Hata kidogo? Hata kwa kazi nyingine?"

"Hapana, mwanangu."

Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza ya kukandia, kwenye unga. Akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha na mwavuli wake ulibaki ukutani.

Mei 8

Niliporudi kutoka bafuni nilikuta kitanda changu kimerudishwa uani. Hakuna aliyeniambia neno. Shemeji ananiletea chakula mwenyewe, anaweka, anasema "Karibu" kwa ukuta. Presha imepanda, mpishi kanisomea namba kwa sauti ya kutangaza mpira. Nikicheka, kifua kinauma.

Mei 10

Binti yuko kwenye matanuri. Naisikia sauti ya mdogo wangu kutoka huku, anamwita mtu, anaitikiwa. Bado ninamwonea wivu. Niliamini kusema kweli kungeuondoa. Umekaa pale pale, ila sasa hauna kazi.

Mei 14

Miguu yote imevimba. Mvua zinapungua. Daktari alikuja, akafunga faili haraka.

Mei 17

Jumapili. Sikwenda mezani. Walipokuwa wanakula, mlango wangu ukasukumwa, akaingia yule kijana. Hakuvaa tai. Alikuwa na sahani mbili, akaniwekea moja magotini, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa chumba hiki hakina kiti cha pili. Sikujua kama amekuja kunitukana. Ningemsikiliza.

Tulikula. Kule ndani mdogo wangu alikuwa anasimulia kisa cha punda, neno moja moja, na wenzake wanasubiri kila neno.

"Dada kaniambia nirudi," kijana akasema. "Kwa wateja, kama zamani. Kasema kwa uzuri. Angenitukana ningerudi."

"Najua."

"Nikimwona anaingia, mabega yanashuka yenyewe. Mimi ndiye mkubwa." Alikuwa anasukuma mfupa kwenye sahani. "Wewe umekaa na baba maisha yote hivi. Unavuta kiti, unacheka. Nilikuwa nakuangalia, baba mkubwa. Nilikuwa nasema, yule mzee ana siri yake. Uliwezaje kuvumilia?"

Nilitafuta jibu la mtu mzima aliyesoma. Yako mengi, na baadhi ni mazuri.

"Sikuvumilia," nikasema. "Unaniona."

Akaniangalia: miguu, ukuta, dawa. Aliangalia muda mrefu bila kugeuza uso. Ndani wakaangua kicheko, punda amefika mwisho. Hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Kisha akasimama, akachukua sahani zote mbili, akaniuliza kama ninataka mlango uachwe wazi. Nikasema ndiyo. Akauacha, akavuka ua, akapita mlango wa jikoni, na nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, nisogezeeni nafasi."